Tazama Miguu: Kumtambua Mbung'o wa Karagwe na Kyerwa

Mfugaji wa Kaisho au Bweranyange hahitaji kufundishwa kwamba mbung'o anauma. Anachohitaji kujua ni mbung'o yupi anayemsumbua. Katika bonde la Mto Kagera, upande wetu na upande wa Rwanda, wanaotawala ni wawili: Glossina pallidipes na Glossina morsitans centralis. Rangi zao zinakaribiana, wote hueneza ugonjwa wa mifugo uitwao nagana, na ukiwaona juu ya mgongo wa ng'ombe wa Ankole hutawatofautisha. Ila tabia zao ni mbalimbali, na mtego unaomnasa mmoja kwa mamia humwacha mwenzake apite zake. Anayehesabu "mbung'o" kwa jumla anaweza kutangaza kwamba pori limetulia, kumbe aliyepungua ni mmoja tu.

Mwongozo huu nimewaandikia maafisa mifugo wa kata, walimu wa sayansi, vijana wanaolinda mazingira karibu na hifadhi, na wafugaji wenye hamu ya kujua. Vifaa si vya gharama: lenzi ya mkono inayokuza mara 10, kibanio chembamba, karatasi nyeupe, penseli na chupa chache zenye vifuniko vinavyobana. Darubini ikipatikana ni vyema, lakini kazi kubwa ya kutenganisha hawa wawili inafanyika kwa lenzi, kwenye mwanga wa jua la asubuhi.

Hakikisha kwanza kwamba ni mbung'o

Si kila nzi anayeuma ng'ombe ni mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyomwita. Katika mazizi ya Nkwenda au Kayanga, wengi wa wanaosumbua ni nzi wa zizini, yule wa kijivu anayelingana kwa umbo na nzi wa jikoni. Huyu naye ana mdomo mgumu unaochomoza mbele, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Mtazame akiwa ametulia: mabawa yake hukaa yameachana upande huu na huu. Mbung'o hulaza bawa moja juu ya jingine kabisa, yakafuatana na mgongo na kupita kidogo ncha ya tumbo, hata nzi mzima huonekana mwembamba na mrefu. Kisha tazama mdomo. Wa mbung'o umefunikwa kwa vipapasio viwili vyenye urefu sawa na mrija wenyewe, kwa hiyo huonekana mnene. Wa nzi wa zizini uko wazi na ni mwembamba, kwa sababu vipapasio vyake ni vifupi mno.

Pange ni rahisi zaidi. Ni nzi mnene, mwenye macho makubwa yanayong'aa na mara nyingi yenye rangi za kijani au michirizi. Wako pia wa jamii yake walio wadogo, wa kijivu, wenye mabawa ya madoadoa, ambao huja kimyakimya na kuuma kabla hujawasikia. Kwa pange, majike peke yao ndio hunyonya damu. Kwa mbung'o, dume na jike wote huishi kwa damu.

Ukibaki na shaka, nyoosha bawa juu ya karatasi nyeupe. Katikati ya bawa la mbung'o mishipa huzunguka na kufanya chumba chenye umbo la kichwa cha shoka. Hakuna nzi mwingine wa kwetu mwenye alama hiyo. Hata bawa lililochanika, ukiliona shoka, umemwona mbung'o.

Tofauti hii ina maana kwa tiba na kwa kinga. Mojawapo ya vimelea vya nagana, Trypanosoma vivax, huweza kuhamishwa na pange na nzi wa zizini kwa midomo yao yenye damu mbichi, kutoka ng'ombe mgonjwa hadi aliye karibu naye. Trypanosoma congolense humhitaji mbung'o akue ndani yake. Kwa hiyo majibu ya maabara yakionyesha congolense katika mifugo isiyohamahama, mtafute mbung'o, hata kama mwenye zizi anaapa kwamba hajawahi kumwona.

Miguu ndiyo inayosema

Sasa tufike kwenye kiini. Watu wengi huanza na ukubwa, kisha rangi ya tumbo. Naelewa sababu, maana ndivyo jicho linavyovutwa. Ni kweli pallidipes kwa kawaida ni mkubwa kidogo kuliko morsitans. Lakini jike mkubwa wa morsitans na dume mdogo wa pallidipes hukutana katikati, na aliyeshiba damu huvimba akaonekana nzi mwingine kabisa. Mistari ya kahawia iliyokoza juu ya tumbo la morsitans kwa kawaida huonekana wazi zaidi. Chukua alama hiyo kama shahidi wa pili, kamwe isiwe hakimu.

Mlaze mbung'o aliyekufa juu ya karatasi nyeupe, mgongo ukiwa juu. Kwa kibanio, vuta taratibu mguu mmoja wa nyuma uende pembeni mpaka wayo utandazike. Wayo wa nzi una pingili tano. Ya kwanza, iliyoungana na muundi, ni ndefu. Zinazofuata ni fupi, na ya mwisho ndiyo yenye kucha. Weka lenzi karibu na jicho lako, kisha sogeza karatasi mpaka pingili zionekane moja moja. Utazame upande wa juu wa wayo, usitazame chini, kwa sababu manyoya ya chini hudanganya.

Ukiona pingili tatu za kwanza zimepauka na mbili za mwisho pekee ndizo nyeusi, uko katika kundi la morsitans, ambamo ndugu zetu wawili wote wamo. Pingili zote tano zikiwa nyeusi au kahawia iliyoiva, umeshika mbung'o wa kundi la palpalis, wale wa maji. Huyo ni jamaa wa Glossina fuscipes, anayejulikana ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Akitokea kwenye mtego wako juu ya milima ya Karagwe, usimtupe na usikimbilie kumwandika. Mhifadhi, rudia kuutazama mguu wa pili, kisha mpeleke kwa mtaalamu.

Ukishathibitisha kundi, acha miguu ya nyuma. Hamia miguu ya mbele na ya kati, na ushughulike na pingili mbili za mwisho tu. Kwa morsitans, pingili hizo zina ncha nyeusi, zilizokatika wazi kutoka kwenye sehemu iliyopauka. Kwa pallidipes hakuna ncha nyeusi: wayo wa mbele na wa kati umepauka mpaka mwisho, ukiacha kucha zenyewe, ambazo ni nyeusi kwa wote. Anayejifunza mara nyingi huona weusi wa kucha akadhani ni weusi wa pingili, na pallidipes wote wa siku hiyo wakageuka kuwa morsitans kwenye daftari. Tenganisha kucha na pingili machoni kwanza, ndipo uamue.

Ukitaka mkono uzoee haraka, wapange mbung'o 20 mstari mmoja, wote miguu ya mbele ikielekea upande mmoja, na uwasome bila kutazama matumbo yao. Kisha mpe mwenzako awasome upya bila kumwambia ulichoandika. Mnapotofautiana, rudieni nzi huyo kwa pamoja, mguu wa kulia na wa kushoto. Nimeona njia hii ikimfundisha mtu kwa asubuhi moja kuliko picha za kitabuni.

Kuna hali tatu zinazoharibu usomaji. Ya kwanza ni nzi aliyekaa siku nyingi kwenye mtego: hukauka, miguu ikakatika, ukabaki na kifua na mabawa. Ya pili ni damu iliyogandia miguuni. Isafishe kwa brashi laini yenye spiriti kabla hujasema lolote. Ya tatu ni mbung'o mchanga aliyetoka kwenye pupa karibuni, ambaye rangi zake bado hazijakoza. Huyo utamjua ukimbana kifua kwa vidole: ni laini, hubonyea. Alama zake zisome kwa tahadhari, lakini kuwapo kwake kuandike kwa herufi kubwa, kwa sababu maana yake mazalia hayako mbali.

Dume na jike hutenganishwa kwa dakika moja. Mgeuze tumbo juu. Dume ana uvimbe wa mviringo kwenye ncha ya tumbo, umekunjwa chini yake, jike hana. Andika idadi yao mbalimbali. Jike wa mbung'o hatagi mayai kama nzi wengine: humlea buu mmoja tumboni na kumzaa akiwa amekomaa, takribani kila baada ya siku 9 au 10. Buu hujichimbia udongoni akawa pupa, na baada ya kama mwezi hivi mbung'o hutoka. Uzazi wa namna hiyo ni wa polepole sana, ndiyo maana kila jike anayeondolewa porini anahesabika.

Pale jicho linapokoma

Neno centralis mwishoni mwa jina la morsitans wetu linataja nususpishi. Lenzi ya mkono haiwezi kukuonyesha hilo. Morsitans wa kusini na mashariki na huyu wa kwetu hutenganishwa kwa viungo vya uzazi vya dume, vinavyotolewa na kutazamwa kwa darubini. Kwenye daftari lako andika Glossina morsitans, inatosha, na mahali ulipomnasa patamsaidia mtaalamu kujaza kilichobaki.

Usidhani ni mambo ya wasomi kubishania vinywele. Katika miaka ya 1940, huko Shinyanga, mtafiti F. L. Vanderplank aliachia morsitans centralis katika eneo la ndugu yake wa karibu, Glossina swynnertoni, yule wa nyika kavu aliyepewa jina la C. F. M. Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya mbung'o ya Tanganyika. Wawili hao hupandana bila kujali, lakini uzao wao haufai: chotara hao ni tasa au karibu na tasa. Swynnertoni walikwisha katika eneo lile, na wale centralis walioletwa wakashindwa na ukame wa mahali pale, nao wakapungua. Hiyo ilikuwa kabla ulimwengu haujazoea kutumia madume tasa kupambana na wadudu, na ilifanyika hapa nchini kwa sababu mtu alijua hasa nani ni nani.

Zanzibar walifuata njia hiyo kwa utaratibu mkubwa zaidi. Mbung'o wa Unguja alikuwa mmoja tu, Glossina austeni, mdogo, wa rangi ya kahawia yenye wekundu. Madume yake yalizalishwa Tanga, yakafanywa tasa kwa mionzi, yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa kati ya 1994 na 1997. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Hata kabla ya madume hayo, kulikuwa na somo la mtego: mitego ya kawaida ya nguo haikumvuta austeni vizuri, ikabidi watumie mbao za bluu na nyeupe zilizopakwa gundi. Wangeliendelea na mitego waliyoizoea, wangeliamini kisiwa kimesafika mapema kuliko ukweli.

Mtego mmoja hausemi ukweli wote

Hapa ndipo utambuzi unapogeuka kuwa kazi. Pallidipes hupenda vichaka vizito, mabonde na kingo za mito, na huingia vizuri kwenye mitego ya kitambaa cha bluu na cheusi, hasa ikitiwa harufu. Asetoni kwenye chupa yenye tundu dogo, pamoja na mkojo wa ng'ombe uliokaa siku kadhaa, huongeza mavuno maradufu na zaidi. Mtego wa NGU, uliobuniwa Nguruman kusini mwa Kenya, ulitengenezwa kwa ajili yake huyu, na fundi cherehani wa Omurushaka anaweza kuushona akipewa vipimo. Bluu humwita kutoka mbali, nyeusi humtuliza atue, na wavu mweupe juu humpeleka kwenye chupa.

Morsitans ni wa mapori ya wazi zaidi, ya migunga na miti iliyoachana. Mitego hiyohiyo humnasa kwa uchache usiolingana na wingi wake. Yeye huvutwa na kitu kinachotembea. Ndiyo maana unaweza kukuta mtego mtupu, kisha ukapanda pikipiki kupita njia ileile ukafuatwa na mbung'o mpaka unatoka porini. Wengi wa wanaokufuata ni madume: hufuata kinachotembea kwa sababu ndipo majike wenye njaa wanapokuja.

Kwa hiyo ukitaka hesabu ya haki, fanya mambo mawili mahali pamoja. Weka mitego, halafu tembea na kitambaa cheusi kilichotandazwa kwenye fremu, watu wawili wakikibeba na wa tatu akiwa na wavu wa mkono, mkisimama kila baada ya umbali mliokubaliana na kunasa wanaotua. Njia hii ya kutembea ndiyo waliyoitumia wapimaji wa mbung'o wa Tanganyika tangu miongo ya mwanzo ya karne iliyopita. Fanyeni asubuhi au alasiri, kwa sababu jua kali la mchana huwasukuma mbung'o kivulini. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa au Rumanyika-Karagwe, ambazo hadi 2019 zilikuwa mapori ya akiba, lazima mpate kibali kwanza na muongozwe na askari wa hifadhi; porini kuna nyati.

Mtego uwekwe mahali panapoonekana, majani yafyekwe kuuzunguka, na nguzo ipakwe grisi. Bila grisi sisimizi hupanda na kula nzi wote walionaswa: utakuta mabawa matupu. Toa nzi kila baada ya saa 24. Ukichelewa, miguu inakatika, na miguu ndiyo uliyoifuata.

Vaa nguo za rangi ya udongo au kaki iliyopauka. Shati la bluu iliyokoza au nyeusi linakugeuza wewe kuwa mtego. Mbung'o wa bonde hili si hatari kwa ng'ombe peke yao. Katika Tanzania, homa ya malale inayoambukizwa na mbung'o ni ya aina ya rhodesiense, inayokwenda kwa kasi. Ukipata homa wiki chache baada ya kwenda porini, hasa kukiwa na kidonda chenye uvimbe mahali ulipoumwa, nenda hospitali na utamke wazi kwamba uliumwa na mbung'o. Kipimo cha malaria kikiwa hasi, usikubali kurudi nyumbani bila damu yako kutazamwa kwa darubini.

Kuhifadhi na kuandika

Nzi wa kutazamwa kwa lenzi hutosha kukaushwa kivulini na kuwekwa kwenye kisanduku chenye pamba. Wanaopelekwa maabara kwa vipimo vya vinasaba waingie moja kwa moja kwenye spiriti kali, asilimia 95, kila kundi na chupa yake. Ndani ya chupa weka karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka. Iandikwe kijiji, aina ya pori, tarehe, njia iliyotumika na jina la aliyenasa. Kutoka kwa afisa mifugo wa wilaya, sampuli huweza kufika Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Kituo chao cha Tanga ndicho chenye uzoefu mrefu wa mbung'o nchini.

Daftari liwe na safu nne kwa kila siku na kila njia: pallidipes dume, pallidipes jike, morsitans dume, morsitans jike. Pembeni acha nafasi ya wachanga na ya wasiotambulika. Safu ya wasiotambulika si aibu. Anayelazimisha kila nzi awe na jina huharibu kazi ya mwaka mzima.

Mkoa huu umewahi kuona matunda ya kupambana na mbung'o kwa akili. Kuanzia 1991 ng'ombe wa Kagera walianza kuogeshwa kwa dawa ya deltamethrini, wenyewe wakawa mtego unaotembea. Visa vya nagana vilivyokuwa zaidi ya 19,000 mwaka 1990 vilishuka chini ya 2,400 mwaka 1995, na vifo vilivyohusishwa na ugonjwa huo vikashuka kutoka zaidi ya 4,000 hadi 29. Njia hiyo iliwafikia mbung'o wote wawili, kwa sababu ng'ombe hutembea, kama morsitans anavyopenda, na ana harufu, kama pallidipes anavyopenda.

Ukiwa huna josho la karibu au dawa ni ghali, jua kwamba mbung'o wengi hutua miguuni na tumboni, na huchagua wanyama wakubwa kundini. Dawa ya kunyunyizia inaweza kuelekezwa miguuni na tumboni mwa maksai na ng'ombe wakubwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, badala ya kumwagwa juu ya kundi zima. Itatumika kidogo, na ndama wataachwa waendelee kujenga kinga yao dhidi ya magonjwa ya kupe. Pale ambapo daftari lako linaonyesha pallidipes wengi kwenye vichaka vya bondeni, ongeza vitambaa vya bluu na cheusi vilivyotiwa dawa, pamoja na harufu. Pale ambapo kitambaa cheusi cha kutembea kinaleta morsitans huku mitego ikibaki mitupu, usiongeze mitego. Elekeza nguvu kwa ng'ombe wanaopita njia hiyo, kisha rudi baada ya mwezi na lenzi yako, kwa njia zilezile mbili, vituo vilevile, saa zilezile.